Kura ya Enoch Tarrant

Asubuhi ile ya Novemba mwaka 1868 baba yangu alinyoa ndevu mara mbili. Mama akamtania kwamba anakwenda kupiga kura, si kuposa. Baba hakucheka. Alivaa koti lake la Jumapili, akabandika kifuani utepe wa buluu ambao Bwana Harcombe alikuwa amewapelekea wapangaji wake wote, kisha akasimama mlangoni akilitazama shamba kwa muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa.

"Baba, utachelewa," mama akamwambia.

"Sichelewi," akasema. "Siku zote nimewahi."

Shamba lenyewe liliitwa Coldholt, ekari mia moja na themanini juu ya vilima vya Ketsthorpe, katika Lincolnshire. Babu wa baba yangu ndiye aliyechimba mitaro yake. Lakini ardhi haikuwa yetu. Ilikuwa ya Bwana Harcombe, kama zilivyokuwa zake nyumba zote za kijiji isipokuwa ya mhunzi, na shule, na nadhani hata kengele za kanisa.

Niwaelezee Bwana Harcombe jinsi nilivyomjua mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa mtu mnene wa hamsini na kitu, mwekundu usoni, mjane asiye na mtoto, mwenye sauti ya kuitia mbwa hata anapoongea na kasisi. Kanisani alisinzia mahubiri yanapoanza na kuamka yanapoisha, na hakuwahi kukosea hata dakika moja. Sikupata kumwona na kitabu mkononi. Aliamini kwamba ng'ombe wa Lincolnshire ndiye ng'ombe, hao wengine ni mbuzi waliozidi kimo. Kaka yangu alipokufa kwa homa, Bwana Harcombe alisimama kaburini kofia mkononi, mvua ikimnyeshea mpaka mwisho, akaugua wiki nzima. Kila Alhamisi alipita kwetu kwa farasi, akaingia jikoni bila kubisha hodi, akala keki ya mama na kuulizia kondoo. Nilimpenda. Nalisema hili sasa kwa sababu baada ya muda si mrefu mtadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Siku hizo kura ilipigwa kwa mdomo. Jukwaa la mbao lilijengwa mbele ya hoteli katika mji wa soko wa Aldersby. Ukiitwa jina unapanda, unamtaja umtakaye, karani anaandika, na mji mzima unasikia. Wapangaji wa Ketsthorpe waliandamana kwenda huko kama kawaida, Bwana Harcombe mbele juu ya farasi wake wa kijivu, wao nyuma kwa miguu na mikokoteni, kila mmoja na utepe wake. Mimi nilikuwa juu ya mkokoteni wetu na siagi ya kuuza. Jirani yetu Silas Brockle alikuwa ameshakunywa.

"Enoch!" alimwita baba. "Mbona umenuna? Bia ya Bwana Mkubwa imekosa ladha?"

"Sijainywa."

"Hujainywa! Jamani, Tarrant hajanywa! Basi nipe yako, nimpigie Voss mara mbili."

Watu wakacheka. Sir Peregrine Voss ndiye aliyekuwa mgombea wa buluu, rafiki wa Bwana Harcombe tangu shuleni. Mpinzani wake, Tolliver, alikuwa na kiwanda cha mafuta ya kitani, na katika wapangaji wa Ketsthorpe hakuna aliyemzungumzia ila kwa matusi.

Bwana Harcombe alisimama kando ya meza ya karani akimwitikia kila mpangaji wake kwa kichwa, kama mwalimu anayesikiliza watoto wakisoma sala. Brockle akapanda: Voss. Mwenye kinu: Voss. Mzee Gad, aliyekuwa kiziwi, alimtaja Voss kabla hajaulizwa. Kisha wakaita, "Enoch Tarrant, wa Coldholt."

Baba akapanda, akavua kofia. Nilikuwa hatua kama ishirini tu kutoka pale.

"Tolliver," akasema.

Mbwa mmoja alikuwa akibweka, naye nadhani alinyamaza. Mikono yangu iliingia kwenye siagi mpaka kwenye vifundo na sikuhisi kitu.

Bwana Harcombe hakukasirika. Alitabasamu, kwa upole, kama mtu aliyesikia mtoto akiteleza ulimi. "Karani hakusikia vizuri, Tarrant. Sema tena."

Alikuwa anampa baba mlango wa kutokea. Mimi niliuona, kila mtu aliuona. Nikaomba kimoyomoyo: toka, baba, toka.

"Nimesema Tolliver, Bwana Mkubwa," baba akajibu. "Ni kwa ajili ya sungura."

Mtu mmoja akaangua kicheko kule nyuma, kikakatika katikati. Uso wa Bwana Harcombe, ule mwekundu niliouzoea, ukageuka rangi ya nyama iliyochemshwa. Karani akaandika. Nasikia mpaka leo kalamu yake ikikwaruza karatasi.

Baba akashuka, akavua utepe, akaukunja vizuri na kuutia mfukoni.

Mama alikuwa ameshapata habari kabla hatujafika nyumbani. Sijui zilipitia wapi. Alikuwa amekaa juu ya gunia la unga katikati ya jiko, yeye ambaye hakuwahi kukaa mchana.

"Niambie ni uongo," akasema.

"Si uongo."

"Umesimama mbele ya watu wote wale ukamtaja mwuza mafuta?"

"Amesema akiingia bungeni atadai sheria ya kumruhusu mkulima kuua sungura shambani mwake. Ekari nne, Dorcas! Ekari nne za ngano changa wamezila mwaka huu, na mimi nasimama nawatazama, kwa sababu sungura ni wa Bwana Mkubwa na bunduki yake. Nimemwendea mara tatu. Mara tatu amenipiga bega, akaniambia hata sungura ana tumbo."

"Najua habari za sungura! Nakuuliza habari zangu mimi. Hukuweza kuniambia?"

"Ningekuambia ungenizuia."

"Ndiyo, ningekuzuia! Kazi yangu ni nini humu ndani?" Baba akapiga magoti mbele ya lile gunia akamshika mikono. Mimi nikatoka. Sikuwahi kumwona baba amepiga magoti nje ya kanisa.

Alhamisi iliyofuata Bwana Harcombe hakuja. Wala iliyofuata. Brockle akituona njiani anavuka upande wa pili. Jabez Lowick, mwana wa seremala wa magurudumu, ambaye tulikuwa tumekubaliana kufunga ndoa kiangazi, alianza kuwa na kazi nyingi za ghafla. Tulikaa tukisubiri kama watu waliosikia mti ukipasuka na hawajui utaangukia wapi.

Haukuanguka. Krismasi ilipofika, wakaja ndege wawili wa kuwindwa na machungwa sita, kama kila mwaka, na kadi kwa mkono wake mwenyewe: *Kwa familia ya Tarrant, heri na afya.* Mama alilia juu ya yale machungwa. Februari Bwana Harcombe akatupungia kofia kanisani. Mwanzoni mwa Machi akasimama langoni, hakushuka kwenye farasi, akauliza wana-kondoo wangapi wamezaliwa, akasema mvua imezidi.

"Amesahau," mama akasema jioni hiyo, akikata mkate.

"Hajasahau," baba akasema. "Amesamehe. Ni mtu mwema, nilikwambia siku zote."

Jabez naye akaanza kupita tena.

Ilikuwa Alhamisi Kuu, siku tatu kabla ya Pasaka, aliporudi jikoni kwetu. Alikuja kwa miguu, bila mbwa. Aliingia bila hodi kama zamani, na mama, kwa furaha, karibu aangushe birika. Akamtolea kiti kile kikubwa, akamkatia kipande cha keki kisicho na adabu kwa ukubwa wake. Bwana Harcombe akala. Akauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Akaniambia mimi, "Kezia, rangi yako imerudi, vizuri sana." Akala kidogo tena, akafuta mdomo, akatoa karatasi ndani ya koti na kuiweka mezani karibu na bakuli la sukari.

"Ni nini hii, Bwana Mkubwa?" baba akauliza.

"Notisi, Tarrant. Miezi sita, kama sheria inavyosema. Mtatoka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba. Ningeweza kumtuma msimamizi wangu ailete, lakini nikaona si ustaarabu."

Birika lilikuwa linachemka. Hakuna aliyekwenda kuliondoa. Nilimtazama baba nikaona midomo yake inasogea bila sauti, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Lakini ulituletea ndege wa Krismasi," akasema hatimaye.

"Sasa ilikuwa Krismasi! Ulitaka niwanyime ndege siku ya Krismasi? Mimi si mnyama, Tarrant."

"Tulidhani umetusamehe," mama akasema.

"Nimewasamehe, Bibi Tarrant. Nilisamehe jioni ileile, kabla sijavua buti. Hili halihusiani na kusamehe."

"Linahusiana na nini basi?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa anajificha. Hakuwa na hasira ya kuificha. "Baba yangu alimtoa Medlow mwaka wa thelathini na mbili kwa jambo hilihili," akasema, "na Medlow alikuwa msimamizi wa harusi yake. Ndivyo linavyofanywa. Mpangaji akimpinga mwenye ardhi hadharani, anaondoka. Sikulitunga mimi. Nikikuacha wewe, Brockle atanionaje? Nikienda kula kwa jirani zangu wataniuliza kama ardhi bado ni yangu au nimeigawa."

"Miaka tisini tumekuwa hapa," baba akasema.

"Tisini na mbili. Nilitazama jana kwenye vitabu. Nilisikitika sana." Na kweli macho yake yalikuwa na maji. Akainama juu ya meza, akapunguza sauti. "Enoch, kwa nini hukuniambia? Ungeniambia tu, ningekushauri uugue. Watu huugua siku ya kura. Nusu ya jimbo hili huugua! Ungelala kitandani na tofali la moto miguuni, mimi mwenyewe ningekuletea supu, na leo hii tungekuwa tunazungumza habari za kondoo."

Akachukua tena uma wake. Na mama yangu, ambaye kila Alhamisi kwa miaka ishirini alikuwa akisugua kizingiti kwa sababu ya buti za mtu huyu, ambaye alinifundisha kupiga goti kumsalimu kabla sijajua kutembea sawasawa, alinyoosha mkono akaivuta sahani kutoka mbele yake.

"Sijamaliza, Bibi Tarrant," akasema.

"Umemaliza."

Akabaki na uma hewani. Sidhani kama katika maisha yake mtu aliwahi kumwondolea sahani. Alinigeukia mimi, kama anayeomba nimweleze, nami nikatazama ile karatasi, mwandiko wake mzuri wa mviringo. Sikuweza hata kumchukia bado. Nilikuwa kama niliyepigwa kichwani kwa mbao. Nilisikia kila kitu kutoka mbali.

Ndipo akatoa karatasi ya pili. "Hii ni barua ya kukusaidia kupata kazi. Nimeandika kwamba wewe ndiye mkulima bora niliyepata kuwa naye, na mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua. Ndiyo kweli. Sijaongeza neno."

Baba akazilaza karatasi zote mbili mezani, moja kando ya nyingine, akazisoma tena na tena.

"Ni mkono uleule," akasema, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa hajalielewa.

Bwana Harcombe akasimama, akavaa kofia, akaenda mpaka mlangoni, na pale akagoma kuondoka. "Mnaelewa, sivyo?" akauliza. Kuku mmoja akapita katikati ya miguu yake akaingia jikoni. "Mnaelewa," akajijibu mwenyewe, akateremka uani polepole.

Tulikaa pale Coldholt mpaka Oktoba, tukilima shamba tulilojua si letu tena, kwa sababu baba alisema mazao hayajui habari za notisi. Jabez alikuja mara moja tu. Alisimama nje ya ua, akazungushazungusha kofia.

"Baba anatengeneza magurudumu yote ya Harcombe, Kezia," akasema. "Unajua mwenyewe."

"Najua."

"Si kwamba mimi..."

"Nenda, Jabez. Kazi zako ni nyingi."

Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka imetulia. Nilikwenda kukamua ng'ombe, nikamkamua mmoja mara mbili bila kujua, mpaka akanipiga teke.

Siku ya kuhama, magari matatu makubwa ya farasi yaliingia uani kwetu, yamepakwa rangi mpya, na jina la Harcombe ubavuni. Alikuwa ameyatuma bila kuombwa, pamoja na watu sita wa kubeba vyombo. Mama alitaka kuyarudisha. Baba akasema hatuwezi kubeba kabati mgongoni mpaka mjini Lincoln. Kwa hiyo tulifukuzwa kwa magari ya aliyetufukuza. Tulipopita kijijini milango ilikuwa imefungwa, watu wako nyuma ya mapazia, na kwenye njia panda alikuwapo yeye, kichwa wazi upeponi, akitupungia mkono kama tunakwenda kutembelea shangazi. Mama alitazama mbele. Baba, na hili lilinichoma kuliko yote, aliinua kofia yake.

Lincoln tulipanga vyumba vitatu mtaa wa chini, karibu na mto. Ile barua ilifanya kazi yake: baba alipata nafasi mara moja ghalani kwa mfanyabiashara wa mbegu, akipima na kupanga magunia ya watu watakaokwenda kupanda. Mimi niliingia kwa mshonaji wa kofia za kike. Niliupenda mji upesi kuliko nilivyotegemea. Mama aliuzoea. Baba hakuuzoea. Jioni alisimama mlangoni akitazama ukuta wa matofali wa upande wa pili kwa makini yaleyale aliyokuwa akilitazamia shamba, na mikono yake, iliyokuwa kama magome ya mti, ikawa laini, ikawa myeupe kwa vumbi la mbegu. Jina la Harcombe halikutajwa nyumbani mwetu kwa zaidi ya miaka mitatu.

Mwaka 1872 ikaja sheria mpya. Kura sasa ilipigwa kwa siri, kwenye karatasi, ndani ya sanduku. Majira ya kuchipua yaliyofuata Sir Peregrine Voss alivunjika shingo akiwinda, akafa, ukafanyika uchaguzi mdogo. Mpwa wake akasimama mahali pake, na akashindwa. Tulisoma gazetini. Baba alilikunja gazeti akasema, "Basi," akaenda kazini.

Jumapili moja ya Mei, baada ya chakula cha mchana, tukasikia hodi. Nilifungua mimi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi zetu nyembamba, amekonda, koti limemlegea mabegani, na nilihitaji muda kumjua kwa sababu sikuwahi kumsikia akibisha hodi.

"Kezia," akasema. "Baba yupo?"

Nilipaswa kufunga mlango. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Lakini miguu yangu ilisogea yenyewe ikampisha, kama ilivyofundishwa.

Baba alisimama alipomwona. Mama pia alisimama, akaenda dirishani, akabaki huko, hakumwambia akae. Akakaa.

"Mpwa wa Voss ameshindwa," akaanza.

"Tumesoma," baba akasema.

"Ninao wapangaji kumi na saba. Wote kumi na saba wameniapia kwamba walimpigia. Majirani zangu nao wapangaji wao wote wamewaapia. Jimbo zima limeapa! Sasa huyu mwingine amepigiwa na nani? Na sungura?"

Nikaona mdomo wa baba unatikisika pembeni. Bwana Harcombe hakuwa anatania.

"Brockle ananitazama machoni, Enoch. Ananiambia, 'Voss, Bwana Mkubwa, Voss mpaka kaburini.' Nimemjua tangu tunaiba maapulo pamoja, nami sijui kama ni kweli. Nakaa nao mezani siku ya karamu ya mavuno, wanakula, wanacheka, na mimi nawatazama mmoja mmoja. Silali vizuri." Akaizungusha kofia magotini. "Nimekaa nikafikiri, nikaona katika watu wote ninaowafahamu, mmoja tu ndiye ninayejua kwa hakika alimpigia nani. Ni wewe."

Nje watoto walikuwa wanapigana kwa vijiti.

"Coldholt ni tupu," akasema. "Niliyempa amekimbia, hakujua kulima, alijua kupiga goti tu. Rudi."

Mama alivuta pumzi kwa sauti.

"Na notisi?" baba akauliza.

"Notisi gani?"

"Uliyotupa."

"Aa, ile." Akatafakari, kwa uaminifu, kama hakimu anayepitia kesi ya zamani. "Ile ilikuwa sawa kwa wakati ule. Ningefanya nini kingine? Kura ilikuwa hadharani. Sasa ni ya siri, hakuna anayeona, kwa hiyo hakuna wa kufukuzwa. Limekwisha lenyewe."

Nilisubiri. Nilidhani atasema kitu kingine. Nilidhani amepanda treni na kupanda ngazi zetu ili aseme kitu kingine. Hakikuwapo. Alikuwa amemaliza, na alitutazama akiwa na matumaini, na macho yale mema yaliyomlilia kaka yangu kaburini.

"Na sungura?" baba akauliza.

"Ua."

"Wote?"

"Ua uwezavyo. Nimemwambia mlinzi wangu wa wanyama wa kuwindwa kwamba kule Coldholt ana ruhusa ya kutoona."

Baba aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama viganja. Nilimjua baba yangu. Nilijua atamwonyesha mlango, kwa adabu, kama alivyomtaja Tolliver kwa adabu, na moyo wangu ulianza kupanda kwa fahari.

"Lile shamba la juu nitalipanda shayiri mwaka wa kwanza," akasema. "Litakuwa limechoka."

Kwa muda sikuelewa kwamba hilo ndilo jibu. Mama alielewa kabla yangu. Alipita katikati yao, akaingia chumbani, na tukasikia komeo.

"Baba!" nikapiga kelele. Sikuwahi kumpigia kelele. "Alitutupa nje! Alikula keki yetu akatutupa nje!"

Ni Bwana Harcombe aliyenigeukia, ameumia, haamini masikio yake. "Kezia," akasema, "si niliwapa magari yangu?"

Nikacheka. Sikuwa na furaha. Kilikuwa kicheko kama kile cha Aldersby, kilichokatika katikati. Baba alisema tu, "Mwache, Bwana Mkubwa, atatulia," na sikujua alikuwa akimtetea nani kati yetu wawili.

Alipoondoka, nilimfuata baba mlangoni nikamwuliza anawezaje kurudi kwake.

"Sikumpigia Tolliver kura ili nihame," akasema. "Nilimpigia ili nibaki, nilime ngano bila sungura. Sasa nimepewa hicho."

"Hakuomba hata radhi."

"Hapana. Hajui kama kuna radhi ya kuomba. Nimsubiri mpaka ajue? Nina miaka hamsini na sita, Kezia."

Mama hakutoka chumbani mpaka kesho yake. Alipotoka alimwambia, mbele yangu, "Nitakwenda kwa sababu wewe unakwenda. Lakini usinitake nimkaribishe."

"Sitakulazimisha."

"Wala nimchekee."

"Sitakulazimisha, Dorcas."

Walihama Oktoba, kwa mkokoteni wa kukodi. Hilo mama alilishikilia. Mimi nilibaki Lincoln, nikalala kwenye chumba cha nyuma cha duka la kofia ambalo miaka kumi baadaye lilikuja kuwa langu. Sikutaka kupita njia panda ile tena. Watu wa duka walidhani nina uchungu wa mapenzi, na sikuwakatalia.

Barua ya kwanza ilifika mwishoni mwa Novemba. Baba alikuwa ameandika mwenyewe, kwa zile herufi zake kubwa zinazopanda mlima. Mitaro imeziba lakini inazibuka. Paa la banda limevuja. Ameua sungura arobaini na mmoja. Brockle amekuja kumsalimu akajifanya hatukuwahi kuondoka. Ukurasa mzima, na juu ya Bwana Harcombe hakuna neno.

Chini kabisa, pembeni, kwa penseli, mama alikuwa ameongeza mstari wake: *Alikuja Alhamisi. Nilikuwa kwenye chumba cha maziwa, nikakaa humo mpaka akaondoka. Muda wa saa mbili nzima. Nilisikia wanazungumza habari za kondoo.*